Daftari la Dozi

Kurasa za mbele ni hesabu:
asubuhi kidonge kimoja, jioni viwili,
maji bilauri nzima, chumvi asipunguze.
Daktari Nanuli alinifundisha kupiga mistari kwa rula.
Haya ninayaandika nyuma, daftari nimeligeuza
miguu juu, ili Otari asiyaone
akija kutafuta tarehe.

Ndugu yangu huchora vibao vya maduka.
Kutaisi nzima imepita chini ya mkono wake:
kiatu cha fundi Shota,
jino linalotabasamu mlangoni kwa daktari wa meno.
Kazi ya mkate, si ya sifa.

Ila Machi ile usingizi ulimkimbia
naye hakuufuata.
Siku nne. Alianzia ngazi za jengo letu:
ghorofa ya kwanza, samaki wenye masikio;
ya pili, harusi ya watu wasio na miguu;
ya tatu sijui niiteje, mvua labda,
lakini mvua inayopanda.
Ya nne, farasi.
Rangi ilipokwisha aliliuza jiko la mama
likiwa bado na moto, sufuria juu yake.
Akanunua buluu.
Lamara, aliniambia, kuta ndizo zinazosema,
mimi karani tu.
Akacheka hadi majirani wakafungua milango,
akapasua dirisha kwa kiwiko
ili farasi apate hewa.

Vigae vya kioo nilivifagia mimi.

Kisha ikaja ile nyingine, isiyopigwa picha:
wiki kumi na moja uso ukutani, ukuta mtupu,
uji kwa kijiko cha chai,
nami nikihesabu visu kabla ya kulala.

Juzi alikuja Bwana Revazi kutoka Tbilisi na kamera,
viatu laini, hata ngazi hazikumsikia.
Kipaji na wazimu, kasema, ni pacha,
wamenyonya ziwa moja.
Akauliza kama dawa hazimuui msanii.
Kitanda usichokilalia, bwana, hujui kunguni wake.
Hiki nimekilalia. Kunguni nimewapa majina.
Nikamuuliza: na wale wa wodini,
ambao hawajachora hata mstari,
pacha wao yuko wapi?
Akasogeza kamera. Mwanga ulikuwa unampotea.

Mkono wa Otari hutetemeka siku hizi, ni hizo dawa.
Anasema buluu imehama nchi.
Anasema, zamani picha ilinijia nzima, kama kofi,
sasa naidai kidogo kidogo, kama deni la mtu mkorofi.
Wiki sita, komamanga moja,
dogo kama ngumi ya mtoto, lina mpasuko ubavuni.
Mstari umetetemeka
na kwa kutetemeka huko ganda limepata ngozi.
Sikumsifu. Mgema akisifiwa, unajua.

Sasa niseme lililonifanya niligeuze daftari.
Usiku, akishalala, hushuka na tochi
hadi ghorofa ya nne, kwa soksi.
Farasi ana jicho moja tu lililokamilika
nalo hunitazama kama anayejua nitakalosema.
Sijaona kitu kizuri kama hicho.
Namtaka aliyemchora,
yule asiyelala, yule aliyeuza jiko,
kwa dakika mbili namtaka arudi,
halafu aibu hunipanda hadi masikioni,
nazima tochi,
narudi juu nikipapasa ukuta.

Kamati ya jengo imeleta chokaa ya kijivu.
Leo Otari ameomba brashi mwenyewe.
Amewafuta samaki. Ameifuta harusi.
Kwenye mvua alipumzika, akala mkate na jibini,
akaendelea.
Kwa farasi alisimama muda.
Akaniomba nimsogezee ndoo.
Nikaushika mshikio wa ndoo. Sikuinyanyua.
Mkono umechoka, kasema.
Umechoka, nikasema.

Jumamosi, jioni: vidonge viwili. Maji bilauri nzima.
Amekula. Amelala saa nne na robo.
Chokaa imebaki nusu ndoo.